Eda ya Nahodha Sefu

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya rambirambi tangu basi liliposimama Lugoba watu wakanunua mahindi ya kuchoma, na nilipofika Pangani nilikuwa nayo yote kichwani, maneno mazuri ya mtu mzima anayempa pole mjane. Binti yake mkubwa alinipokea uani, akanishika mkono, akanipitisha katikati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele, akafunua pazia la chumba. Rukia alikuwa ameketi juu ya mkeka, kajitanda nguo nyeupe ya eda, miguu kainyoosha mbele kama alivyokuwa akiinyoosha tangu usichana wake. Nywele zimekuwa nyeupe, uso umekunjamana; na mimi si kwamba nimebaki kigoli. Nikafungua kinywa niseme pole shoga yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Hakuningoja. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye ndala, akasema, "Nahodha, umechelewa." Binti yake akacheka, akadhani mama anamtania mgeni kwa jina la utotoni, akaenda kuleta kahawa. Mimi nilibaki nimesimama pale mlangoni, mkoba begani. Jina hilo nilikuwa sijalisikia kwa karibu miaka hamsini, na nilikwisha kujihakikishia kwamba hakuna mwingine anayelikumbuka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, Bagamoyo, mimi na Rukia tuna miaka kumi na saba. Shule tumemaliza, kazi hatuna, na Rukia alikuwa amewekwa ndani: haendi sokoni, haendi pwani, akitoka ni kwenda chuo cha Kurani tu, anangoja posa. Kwetu hawakuwa wakali kiasi hicho, kwa hiyo kila baada ya adhuhuri nilikata vichochoro nikaenda kwao. Tulikaa chumba cha nyuma, upande wa bibi yake, Bibi Shamsa. Sakafu ya chokaa, dirisha dogo linalotazama uani, kijimeza kifupi ambacho mguu wake mmoja umefungwa kamba, na harufu ya vitumbua ambayo haikutoka hata vitumbua vilipokuwa vimeliwa zamani. Kazi tuliyopewa ilikuwa kusuka ukili, ile mishipi mirefu ya ukindu ambayo baadaye hushonwa pamoja ikawa mkeka. Bibi Shamsa alikuwa na imani kwamba msichana ambaye mikono yake ina kazi, mdomo wake hauwezi kumtia matatani. Sijapata kuona mtu mwenye akili nyingi akakosea kiasi kile.

Wa tatu wetu alikuwa Mwajuma, mtoto wa Kiwangwa, aliyeletwa mjini kwa shangazi yake asome chuo. Alikuja na mananasi kapu zima na kicheko kinachosikika nyumba ya pili, na akikasirika alihamia Kikwere, tukawa hatujui tumetukanwa nini. Yeye ndiye aliyeuanzisha mchezo. Mjomba wake Rukia, baharia wa meli, alikuwa ameleta ludo kutoka huko alikokwenda, lakini ubao uliliwa na mchwa, zikabaki kete na dadu moja. Rukia alizimwaga juu ya kijimeza akasema, "Ludo bila ubao ndiyo nini sasa?" Mwajuma akachukua chaki, akachora mto mezani, akachora msitu, akachora pwani, na kule kusini akachora kuta zilizobomoka, maana sote tulikuwa tumepelekwa Kaole tukayaona yale magofu na makaburi. "Huu ni mji wa watu walionyamaza," akasema. "Nyie mko huku juu, mnataka kwenda kule. Mto umejaa, mamba wanaota jua. Mnafanyaje?" Nakumbuka tulitazamana. Hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza swali hilo maishani, sisi tunafanyaje.

Kila mmoja akajichagulia mtu wa kuwa. Mimi nikachukua kete nyekundu nikawa Nahodha Sefu, mwenye jicho moja na hasira nyingi. Rukia akachukua ya njano akawa Jauhari, mganga anayesema na nyoka. Mwajuma hakuchukua kete, kwa sababu yeye alikuwa vyote vilivyobaki: mvua, simba, majini, walinzi wa lango, mama wauza uji. Ukitaka kufanya jambo, unalisema, kisha unarusha dadu; sita umefaulu, moja umeangamia, katikati Mwajuma ataamua, na Mwajuma alikuwa hakimu asiye na huruma. Rukia akaongeza sharti lake: hurushi dadu mpaka umesuka shubiri moja ya ukili, ili Bibi akifunua pazia aone kazi inaongezeka. Ndiyo maana mwaka ule nyumba ile ilitoa ukili hadi majirani wakauliza kuna harusi ngapi. Na sharti la mwisho, ambalo sikumbuki nani alilileta: ukiwa umeshika kete, anayesema si wewe, na ukiiweka chini hakuna ruhusa kukuuliza ulichosema. Mimi niliyekuwa naona haya hata kumwagiza Mhindi wa dukani chumvi, nikiishika kete ile nilikuwa nawatukana majini.

Sasa nifike pale ambapo hata leo mwili unanisisimka. Siku moja, tumepiga kambi msituni, yaani tumemega kitumbua tukagawana, Nahodha Sefu alimwambia Jauhari kwamba siku asiyomsikia akicheka huwa haioni kama ni siku. Nilikuwa nimeishika kete. Niliyasema kwa sauti nzito ya kiume, na Mwajuma akapiga makofi kwa furaha. Kisha nikasikia moyo unavyonidunda, nikajua kwamba yale hakuyasema Sefu. Nilishtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mapenzi huletwa na wazee, yanapiga hodi barazani na kukaribishwa kahawa. Hakuna aliyeniambia yanaweza kunikuta nimekaa chini, ukindu umenizunguka, na chembe za kitumbua kidevuni. Nilimpenda Rukia. Nilipenda alivyouma ncha ya ukindu kuilainisha, nilipenda miguu yake iliyonyooshwa, nilipenda alivyonisubiri nimalize sentensi. Na yeye, kete ya njano mkononi, hakucheka. Alisema, "Nahodha, kama ni hivyo, usinifiche kitu tena." Akaiweka kete chini, akarudi kusuka, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Tulipofika lango la mji wa walionyamaza, Mwajuma alitutangazia kwamba lango lile halifunguliwi ila kwa mtu na mkewe. Nadhani alikuwa amekwisha kuona, maana macho ya watu wa shamba hayapitwi na jambo. Akajifunga kilemba cha khanga akawa kadhi, akawa na walii pia, msimamizi wa bibi harusi, akamwita paka wa uani awe shahidi wa kwanza na jogoo awe wa pili. "Nakuoza binti huyu, Jauhari, kwa mahari mliyokubaliana." Nikasema, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo." Mahari yalikuwa chanuo langu la mti, alilonitengenezea babu yangu; nililichomoa nywelani nikampa hasa, si kwa kuigiza. Kisha kadhi akanitaka nimpe bibi harusi mkono, kama inavyofanywa. Nilimpa mkono Rukia. Mchezo uliendelea, lango likafunguka, Mwajuma akaanza kueleza mitaa ya mji ilivyo kimya na mabirika yaliyojaa maji, nami sikuuachia ule mkono wala yeye hakuuvuta. Siku ile hakuna aliyesuka hata shubiri.

Wiki hiyohiyo tulikuwa chuoni kwa Mwalimu Salama, aliyetusomesha sisi wasichana wakubwa mambo ya ndoa kwa kuwa wengi tulikuwa tunakaribia. Alikuwa mwanamke mpole, anaongea huku akijipepea. Akasema kuna mambo ambayo watu hawaruhusiwi kuyafanyia mzaha, kwa sababu ukiyatamka kwa mzaha huhesabiwa kweli: kuoa, na kuacha, na kumrejea mke uliyemwacha. Mwajuma alikuwa ameshika marufaa, ile ya kuwekea msahafu, ikamponyoka ikaanguka kwa kishindo. Nilihisi chuo kizima kinanitazama kisogoni, na hakuna aliyekuwa akinitazama. Mwajuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama mashahidi ni paka na jogoo?" Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka mpaka akafuta machozi, akamwambia akae chini aache upuuzi. Njiani nikataka turudi tukamuulize sawasawa, tumweleze yote, atuambie kama tumefanya dhambi ama hatukufanya. Rukia alinishika mkono wa baibui. "Usiulize," akasema. "Ukiuliza, atasema si kweli."

Nimeolewa mara mbili tangu wakati ule na nimeachika mara mbili, nimekula eda zangu, nimesoma na vitabu. Najua sasa kwamba pale hapakuwa na ndoa ya aina yoyote, na shekhe yeyote akinisikia atanicheka au atanifukuza. Lakini mimi naandika tulivyoishi, na sisi wawili, toka siku ile hadi kusi ilipoanza kuvuma, tuliishi kama mtu na mkewe, kwa kusuka ukili, kuchanana nywele kwa chanuo lile, na kushikana mikono chini ya kijimeza kile kibovu. Sijapata tena kuwa na furaha isiyo na wasiwasi kama ile. Wasiwasi ulikuwa wa Mwajuma peke yake, aliyekuwa akisoma astaghfirullah kila akishika chaki, na bado akaishika.

Posa ikaja kutoka Pangani. Bwana Athumani, mfanyabiashara, mtu wa watu, hana kasoro. Baba yake Rukia, Mzee Hamadi, akakubali hapohapo barazani, kisha kama ilivyo ada akamtuma Bibi Shamsa amuulize binti kama ameridhia. Hilo swali huulizwa kwa adabu tu. Msichana huinamisha kichwa, na kunyamaza kwake ndiyo jibu. Nilikuwepo, nachomoa ukindu kwenye fungu. Bibi Shamsa akauliza. Rukia akainua kichwa, akasema, "Siwezi, bibi. Nina mume." Sinia ya kahawa ilimtoka Bibi mikononi. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. "Una nini?" "Nina mume. Nahodha Sefu." Alisema ukweli wake wote alioujua, jinsi alivyofundishwa, kwamba mwanamke mwenye mume hawezi kuposwa, na hakuona kwa nini aufiche.

Nyumba ilipinduka. Mzee Hamadi alitoka na bakora na kaka zake wawili, wakateremka forodhani kumtafuta nahodha mmoja mshenzi aliyeingia nyumba ya watu akamuoa binti bila walii. Na balaa lilivyo na macho, forodhani siku hiyo alikuwepo nahodha aitwaye Sefu, mzee wa watu, amekuja kushusha boriti. Walimleta barazani msuli umelowa. Sisi chumbani tulisikia kila neno. "Wallahi huyo binti simjui! Mke niliye naye Mafia ananitosha, na akisikia habari hii ataniua kabla yenu!" Siku nyingine ningecheka. Lakini baada ya kumwachia mzee wa watu aende zake, nilimsikia Mzee Hamadi akimwambia mama yake, Bibi Shamsa, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kelele zote, kwamba kama Rukia hamtaji huyo mwanamume na haolewi na Athumani, atamtoa katika nyumba yake, na jina lake lisitajwe tena hapo. Rukia alisikia. Alikuwa akiuma ncha ya ukindu na hakunitazama. Alikuwa tayari kutolewa, na pa kwenda hana, na mimi sina pa kumpeleka.

Nikaenda jikoni kwa Bibi Shamsa. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Nikasema, "Bibi, Nahodha Sefu ni mimi." Aliendelea kukuna. Akasema, "Najua. Mwaka mzima nakusikia unavyojikohoza kiume." Nikamuuliza, kama anajua, kwa nini amewaacha watu wazima wapige mbio forodhani na bakora? "Waache wachoke," akasema. "Mwanamume aliyechoka husikiliza. Na wewe nilikuwa nakungoja uje kwa miguu yako." Akakung'uta kifuu. "Ulimuoa kwa maneno?" "Ndiyo, bibi." "Basi utamwacha kwa maneno. Huyu mtoto hataondoka hapa roho yake imefungwa." Nililia. Aliniacha nilie mpaka nazi ikaisha, kisha akanishika mkono akanipeleka chumbani.

Rukia alikuwa amekaa mahali pake, kete ya njano mbele yake. Bibi Shamsa akasimama mlangoni. Nilichukua kete yangu nikaikamata mpaka ikaniumiza kiganja, nikasema, "Jauhari, nimekuacha. Talaka moja." Rukia hakulia. Aliuliza tu, "Moja?" Nikasema, "Moja." Akamtazama bibi yake. Na hapo ndipo yule mwanamke, aliyejua sheria kuliko wanaume wote waliokuwa barazani, akatamka jambo ambalo nilikuja kulielewa nilipokuwa mtu mzima, nikiwa nakula eda yangu mwenyewe, nikashtuka nikaketi kitako. Alisema, "Mwanamke aliyeachwa talaka moja hukaa eda miezi mitatu, na mumewe hafungiwi mlango. Baba yako niachieni mimi, na wa Pangani nitawaambia harusi ingoje." Eda gani? Kwa ndoa gani? Alijua hakuna. Alitupa miezi mitatu, tuagane kama watu, na aliitoa kwa uso mkavu kama anayegawa nyama.

Miezi hiyo nilikwenda kila siku. Mwajuma alikuwa amerudishwa Kiwangwa kwa mavuno ya mananasi, nadhani kwa kuomba mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na wa kutusimulia dunia, tukawa tunasuka tu. Katika siku hizo mwanamume anaweza kumrejea mkewe kwa neno moja, na Rukia alilingoja. Hakuniomba. Alikuwa akiniangalia nikivuta pumzi, basi. Nami kila nikitaka kulisema nilimwona Mzee Hamadi amesimama barazani na bakora, na Rukia njiani na furushi lake. Siku ya mwisho aliniuliza, "Huna la kuniambia?" Nikasema sina. Nikatoka, nikapita jikoni, hapakuwa na mtu, moto unafuka. Nikaegemea ukuta nikasema kwa sauti, kwa sababu nilijua haisemwi moyoni, "Nimemrejea mke wangu." Kisha nikaenda kwetu. Alipopelekwa Pangani nilikuwa naumwa homa, au nilisema naumwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani pale mlangoni, mkoba begani. Kahawa ikaletwa, binti akaondoka. Nikakaa mkekani, na kwa kuwa sote ni vikongwe na hakuna wa kututoa tena nyumbani, nikaona niseme. "Rukia. Ile siku ya mwisho nilikurejea. Nilisema jikoni, peke yangu." Alikunywa kahawa yake taratibu. "Hukuwa peke yako," akasema. "Bibi alikuwa nyuma ya mlango wa ghala, anachota mchele. Aliniambia asubuhi ya harusi, wakati ananipaka hina. Akaniambia mumeo amekurejea, chagua. Ukisema unabaki, nitasimama na wewe mbele ya baba yako." Nilimtazama. Miaka yote hiyo nilidhani nimemwacha aende bila kujua, na kwamba siri ile ni yangu mimi. "Sasa mbona ulikwenda?" Akaweka kikombe. "Kwa sababu baba angekuja kwenu na ile bakora. Ulikuwa na jicho moja tu, Nahodha."

Tulicheka hadi wanawake wa uani wakanyamaza, maana mjane hacheki vile. Alilia pia, na mimi. Athumani alikuwa mtu mwema, akasema, hakumnyima kitu, na alimlilia kwa haki yake. Kisha akafungua fundo la pindo la khanga aliyovaa ndani, akatoa dadu lile lile, madoa yamefutika upande mmoja, akaliweka mkekani katikati yetu. "Mwajuma hayupo, nitasimulia mimi. Eda yangu inakaribia kwisha. Mmetoka katika mji wa walionyamaza, wawili, wazee, mnatazama njia ya kwenda Bagamoyo. Unafanyaje?" Nilinyoosha mkono nichukue dadu, akaufunika kwa mkono wake. "Shubiri moja kwanza." Sikuwa na ukindu. Nikauvua mtandio wangu, nikaushika matamvua yake, nikaanza kusuka.